Nimekatwa pesa ya nyumba tangu 2023 na bado nalala Pipeline, hiyo pesa yangu inahesabiwa wapi?

Wadau habari zenu. Nafungua huu uzi nikiwa na hasira na sitaificha. Pesilipu imeingia jana jioni, nimeisoma nikiwa steji nangoja matatu, na ule mstari wa tozo ya nyumba, ile serikali inatukata kwa mshahara kujenga nyumba za bei nafuu, uko palepale, shilingi 427 na senti 50. Mtu atasema hiyo ni pesa kidogo. Kwangu hiyo ni unga paketi mbili na mafuta ya kupima.

Mimi napakia mizigo kwa godauni moja Industrial Area hapa Nairobi, mshahara kabla ya makato ni 28,500. Ikishapita NSSF ya akiba ya uzeeni, ikapita ile ya bima ya afya ya SHA ya asilimia 2.75, ikaja ya nyumba asilimia 1.5 na kodi ya mapato kidogo, mkononi nabaki na elfu 25 na mia moja na kitu. Nimekatwa tangu Julai 2023, ukitoa ule muda mfupi mwanzo wa 2024 korti ilipoisimamisha, na mwajiri kwa sheria lazima aongeze asilimia 1.5 nyingine juu yangu. Kwa hivyo kwa jina langu mimi, kila mwezi, 855 inaenda. Naomba mshike hiyo namba, nitairudia.

Tunakaa mtaa wa Pipeline, chumba kimoja, ghorofa ya sita, watu wanne. Wanaojua Pipeline hawahitaji kuelezwa lakini kwa wale wa huko kwingine, dirisha letu linaangalia ukuta wa ploti ya pili na nafasi katikati ni ndogo hadi mimi na jirani wa upande ule huwa tunapokezana chumvi kupitia dirisha bila mtu kuinuka kwa kiti. Jua haliingii. Saa saba mchana mtoto akitaka kufanya homuwaki lazima niwashe stima, kwa hivyo tokeni ya mia mbili inaisha kama ya mtu anayepikia umeme. Nguo hazikauki mpaka upande nazo juu kabisa kwa paa na uzilinde. Maji yanakuja siku mbili kwa wiki, siku zingine ni mtungi, na ghorofa sita mtungi wa lita 20 unaujua mgongoni. Na kodi ya nyumba ilipanda Januari, keateka, yule msimamizi wa ploti, alikuja tu na karatasi, akabandika kwa mlango wa chini, basi.

Sasa sikilizeni hii ndio inaniuma zaidi. Baba watoto ni mtu wa mkono wa mjengo. Mwaka jana alipata kazi kwa saiti moja ya hizohizo nyumba za bei nafuu, miezi kama minane, mia saba kwa siku, kupandisha mawe na kuchanganya zege. Alikuwa anarudi jioni na simiti kwa kope, anatuonyesha picha kwa simu, hapa ni jikoni, hapa ni choo cha ndani, hapa dirisha linaangalia barabara. Binti yetu wa darasa la tano akaikuza ile picha ya jikoni na vidole akauliza ile sinki ina mifereji mingapi. Mimi nakatwa pesa ya kujenga, yeye anabeba mawe ya kujenga, na sisi wote wawili hatuna hata barua inayosema tuko kwa foleni namba ngapi.

Nilijiandikisha kuomba nyumba mapema sana, mtandao wa kujiandikisha ulipofunguliwa nilikuwa miongoni mwa wale wa kwanzakwanza kazini kwetu, na tukaambiana hii imekuja kutusaidia. Nilikuwa naamini, nisiwadanganye. Mwezi wa nne nikaomba ruhusa kazini (siku hiyo sikulipwa) nikaenda ofisi moja kuuliza. Nikapanga foleni kutoka saa mbili hadi saa tano na nusu. Kijana wa kaunta, na hakuwa na madharau, akaangalia kitambulisho akaniambia, "Mama, akaunti yako iko sawa, lakini haina kitu." Nikamuuliza haina kitu vipi na mimi nakatwa kila mwezi? Akanijibu polepole kama mtu amerudia hayo maneno siku nzima: "Hiyo ya mshahara ni tozo. Hii ya hapa ni akiba yako ya dipositi, pesa ya kutanguliza ukinunua nyumba. Ni vitu viwili tofauti mama."

Vitu viwili tofauti. Nilitembea hadi steji na hayo maneno.

Nikirudi nyuma, haikuanza hivi. Mswada wa fedha wa 2023 ulipotoka ulikuwa unasema tuchange asilimia 3, na ukikosa nyumba, baada ya miaka saba michango yako unaweza kuipata ama ihamishiwe pensheni. Watu walipiga kelele juu ya hiyo asilimia 3, na ilikuwa haki kupiga kelele. Ikarudi imekuwa asilimia 1.5, tukashangilia kupunguziwa, lakini kwa kupunguza waliondoa pia ile sehemu ya kurudishiwa, ikageuka kuwa tozo kama tozo zingine. Novemba 2023 majaji wa Mahakama Kuu wakasema inaenda kinyume na Katiba, moja ya sababu ikiwa inawabagua watu wa mshahara. Serikali ikaenda ikatengeneza Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, Rais Ruto akaitia sahihi tarehe 19 Machi 2024, makato yakarudi. Ile ya 2023 niliyokatwa kabla ya hiyo sheria, sijaona hata senti ikirudi kwa pesilipu yangu.

Na sheria hiyohiyo ilipotoka 2024 ilitaka ukitaka nyumba utoe dipositi ya asilimia 10. Haya, tupige hesabu kwa hiyo asilimia 10. Tuseme nyumba ni milioni moja tu, dipositi ni laki moja. Kama hizi 427.50 zangu zingehesabiwa kuwa dipositi ningefika baada ya miezi 234, hiyo ni miaka kumi na tisa na nusu. Ukiongeza ya mwajiri iwe 855 ni miezi 117, miaka kumi kasoro miezi mitatu. Ni ndefu lakini ina mwisho, mtu anaweza kuhesabu, anaweza kumwambia mtoto ukiwa kidato fulani tutahama. Saa hii sina hata hiyo, saa hii inabidi nikatwe NA niweke dipositi kando kutoka kwa elfu 25 ambayo kodi, fare, stima na shule vinaigawa kabla ya tarehe kumi. Nitaitoa wapi? Chama chetu cha wamama tunachanga mia mbili kwa wiki na hata hiyo kuna wiki mtu anakuja kuomba asamehewe.

Halafu kuna hii ya makundi. Nyumba za chini kabisa, zile zinaitwa za kijamii, ni za mtu anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi. Kutoka 20,000 hadi 149,000 mko kundi moja. Mimi wa 28,500 niko kapu moja na mtu wa laki na arobaini! Yule ataweka dipositi mwisho wa mwezi huu akitaka, na ataichukua, na hajavunja sheria yoyote, kwa karatasi sisi ni sawa. Nani alikaa chini akaandika hivyo? Amewahi kupanga bajeti ya 28,500 na watoto wawili Nairobi?

Sitaki mtu aje hapa aniambie ninapinga maendeleo. Mei 2025 watu walipewa funguo kule Mukuru, nyumba 1,080 za kwanza kati ya 13,248 zilizopangwa pale, na kuna mama tuliyefanya naye kazi alipata. Nilienda kumwona. Ametoka kwa mabati yaliyokuwa yanavuja kando ya mto, saa hii anafunga mlango wake, maji yako ndani, mtoto halali tena na kikohozi. Nilimfurahia kutoka moyoni na nikalia kidogo kwa matatu nikirudi. Kwa hivyo inawezekana, wanajua kujenga. Lakini ahadi tuliyopewa ni nyumba 200,000 kwa mwaka, na makato yangu hayajawahi kuchelewa hata mwezi mmoja yakingojea nyumba zifike.

Mzee mmoja wa kanisani kwetu alipata ploti Dandora miaka ya sabini, wakati ule wa mradi wa kugawia watu viwanja vyenye maji na choo halafu unajijengea chumba kimoja kimoja ukipata pesa. Ananiambia kila shilingi aliyolipa ilikuwa inaingia kwa kijitabu chenye jina lake, na hicho kijitabu bado anacho kwa sanduku. Mimi nimelipa zaidi ya miaka miwili na sina kijitabu.

Ninachotaka ni hicho tu. Katiba kifungu cha 43 inasema makao yafaayo ni haki ya kila mtu, sawa, lakini hata sijafika huko, mimi naanzia chini kabisa: pesa niliyokatwa na aliyonikatia mwajiri ihesabiwe kuwa dipositi yangu. Nikifungua akaunti nione nimefikisha ngapi. Wabunge wakae wabadilishe hiyo sheria, waliibadilisha haraka korti ilipowakataza, wanajua njia.

NAONGEZA: kuna mtu amenijibu hapo chini eti kama Nairobi ni ngumu nirudi ushago, yaani kijijini. Ndugu yangu, ushago godauni hakuna, mjengo hakuna, na hata nikienda leo nikapata kazi ya mshahara huko, ile 1.5 itanifuata hukohuko.

Wengine nawaomba muandike hapa mshahara wenu kabla ya makato, mlianza kukatwa lini, na kama kuna aliyewahi kupigiwa hata simu moja kuhusu nyumba. Msiandike majina wala namba za kitambulisho. Namba ya wadi yetu ninayo, ofisi ya mbunge inafunguliwa Jumatatu, nitaprinti majibu yote niende nayo. Nina shifti ya asubuhi, nitasoma jioni.