Kikundi: Chevelle ya Baba

*Jumanne*

[18:02] Salma: Habari za jioni nyote. Naomba msome hadi mwisho, msiniwekee kidole gumba mkaondoka. Fundi ameshafungua giaboksi ya otomatiki ya Chevelle, picha zinakuja. Kesho asubuhi anataka jibu moja tu, tunaijenga upya hii 700R4 au tunaweka nyingine. Mkikaa kimya nitaamua mwenyewe halafu mtanilaumu kama kawaida yenu

[18:03] Salma: 📷 picha 4

[18:05] Salma: Hizo nyeusi ni pleti za klachi ya tatu-nne. Ukipitisha kucha juu yake ile karatasi inabanduka yote unabaki na chuma kitupu, na chuma chenyewe kimegeuka bluu kwa joto. Oili ya kwenye sampu imekuwa kahawia na inanuka kuungua, nimenawa mara tatu mikono bado inanuka

[18:31] Kibwana: mi nikajua mmezipata sidii zangu zilizopotea 😂

[18:32] Mwanaidi: 😂😂 zako au zangu? si zile uliazima wiki moja

[18:32] Kibwana: dada we husahau jamani

[18:33] Salma: GIABOKSI.

[18:50] Shemeji Hamza: Nimeziona shemeji. Klachi ya tatu-nne ndipo 700R4 inapofia ukiipa injini yenye nguvu, na hiyo 383 yenu si ya mchezo. Inajengeka lakini. Pleti ziongezwe kwenye hiyo klachi, ile sheli ya gia ya kati iwe iliyokazwa maana ya kiwandani ikikatika unapoteza gia ya pili, ya nne na rivasi kwa mpigo mmoja, kisha servo ya Corvette, ile pistoni inayokaza bendi, na vali ya kupandisha presha. Shafti ya kuingilia ina meno mangapi? Zile za mwanzo za tangu 1982 zilikuwa na 27, hizo hazifai kwa kazi hii

[18:51] Salma: 30. Nimehesabu mwenyewe mara mbili

[18:52] Shemeji Hamza: Basi mwili mzima upo. Na toki konvata, ile inayounganisha injini na giaboksi, ni lazima iwe ya meno hayohayo, mwambie fundi asije akabambika ya zamani

[19:15] Mwanaidi: samahani mimi si mtu wa magari ila kwani ile TH350 ya gia tatu aliyokuwa nayo baba ilikuwa na shida gani? si tuirudishe tu yaishe

[19:17] Salma: Mwana, uwiano wa difu ni 3.73 na tairi ni inchi 26, ukienda kilomita 100 kwa saa kwa gia tatu injini inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika safari nzima inanguruma tu. Ukiwa na gia ya nne ya 0.70 inashuka mpaka 2,100 hivi. Mafuta yanapungua, joto linapungua, mnaweza kuongea ndani ya gari. Baba mwenyewe ndiye aliyetaka ovadraivu, hiyo gia ya nne, mimi sijaibuni

[19:18] Mwanaidi: aa haya nimeelewa

[19:40] Kibwana: kwani si wekeni ile kubwa 4L80E tumalize, hiyo hata ukivuta nyumba haikatiki

[19:44] Shemeji Hamza: Kibwana hiyo ni mtoto wa TH400 kweli, ilitoka 1991, nguvu inazo. Ila inaendeshwa kwa umeme, bila kompyuta yake haibadilishi gia, ni nzito, ni ndefu, kichwa cha propela, ile shafti ya kwenda difu, ni cha meno 32 si 27 kama chenu, na kwenye bodi hiyo usishangae sakafu ikagongwa au ikakatwa kidogo ikae

[19:45] Kibwana: kidogo tu 😅

[19:52] Shemeji Hamza: Mimi ningewaza 200-4R. Watu huidharau kwa sababu ya jina la 200 ila ndiyo iliyokuwa kwenye Buick Grand National ya 1987 ile ya turbo, na mpaka leo wanaozijenga wanatafuta zenye herufi BRF. Uwiano wa gia zake ni 2.74, 1.57, moja kwa moja, halafu 0.67. 700R4 ya kwanza ni 3.06 kisha inaanguka mpaka 1.63, kwa difu ya 3.73 gia ya kwanza inakwisha kabla hujakaa sawa kwenye kiti, tairi zinateleza tu. Na urefu wa 200-4R unalingana na TH350, krosimemba, ule mhimili unaoshikilia giaboksi, ndiyo inarudishwa nyuma maana mauntingi yake iko pale inapokaa ya TH400

[19:53] Salma: Hapo kwenye urefu ndipo kuna maneno. Propela tuliikata inchi 3 ili 700R4 iingie. Tukiweka fupi sasa propela haifiki

[19:53] Salma: Na mnajua kwa nini iliharakishwa kukatwa

[19:54] Mwanaidi: Salma

[19:55] Salma: Simsemi mtu. Nasema ukweli usemwe. Giaboksi mpya imekufa mchana mmoja. Rashidi nakuona hewani tangu saa moja

[20:10] Shemeji Hamza: Kwa faida ya wote, hata hiyo 200-4R ina kebo ileile ya TV, ile inayotoka kwenye mkono wa kabureta kwenda giaboksi. Watu hudhani ni ya kubadilisha gia tu, kumbe ndiyo inayoiambia giaboksi iweke presha kiasi gani. Ikilegea presha inakuwa ndogo, klachi zinateleza, zinaungua ukiwa kwenye barabara nzuri tu hata hujakanyaga sana. Mkikanyaga mpaka mwisho kebo nayo iwe imevutika mpaka mwisho wake. Na kabureta yenu si ya asili, mkono wake unavuta kwa duara tofauti, bila ile breketi ya kurekebisha hata ukipima vipi hapa mwisho pakiwa sawa katikati pamekosea. Fundi afunge geji ya presha kabla gari haijatoka, asikisie kwa sikio

[20:26] Rashidi: Nilijua tu tutafika hapa.

[20:27] Rashidi: Mimi nilipewa funguo. Nikaambiwa iko tayari nenda nayo kwa Zuhura watu wanasubiri. Hakuna aliyenitajia kebo wala presha wala breketi. Aliyenipa funguo anajijua, na kila mwezi humu ndani mimi ndiye niliyeunguza giaboksi ya baba

[20:27] Rashidi: Propela pia nimeikata mimi?

[20:41] Kibwana: jamani tuimbe kidogo tupoze 🎶

[20:41] Mwanaidi: Kibwana sio sasa

[21:08] Baba Mkubwa: Nimesoma yote.

[21:08] Salma: Shikamoo Baba Mkubwa

[21:08] Mwanaidi: Shikamoo baba

[21:09] Kibwana: shikamoo mzee

[21:12] Baba Mkubwa: Marahaba. Sakafu ya gari ile haikatwi wala haigongwi. Mdogo wangu aliiziba kutu kwa mkono wake, karatasi ya msasa nilikuwa nikimshikia mimi. Hiyo kubwa muiache.

[21:15] Baba Mkubwa: La pili. Funguo alizitoa Salma lakini kebo ilikuwa ya kupimwa na mimi. Niliahidi kuja asubuhi nikachelewa. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mmeshampata wa kumlaumu. Rashidi asiulizwe tena.

[21:19] Baba Mkubwa: La tatu. Propela mliyoikata haikuwa yake. Niliwapa nyingine niliyokuwa nayo. Ya kwake iko kwangu ndani, nimeifunga gunia na grisi, msalaba wake bado mzima.

[21:34] Mwanaidi: 😢

[21:36] Salma: Sawa Baba Mkubwa. Nimesikia.

[21:37] Salma: Rashidi nisamehe. Nilisema iko tayari kwa sababu nilitaka watu waione inatembea.

[21:50] Shemeji Hamza: Baba Mkubwa kama ni ile ya awali ya TH350 basi 200-4R inaipokea, kichwa ni meno 27 yaleyale. Ipimwe kwanza lakini, sikio langu si futi

[21:52] Baba Mkubwa: Njooni mpime.

[21:58] Salma: Haya. Nani anaenda Jumamosi kwa Baba Mkubwa na futi? Mwana? Kibwana? Na fundi nimwambie asiagize kitu bado, ila rejeta ya oili ya gia na mabomba yake asifikirie hata kuyasafisha, abadilishe, vumbi lote la hizo pleti limekimbilia humo na likirudi linaua ijayo

[22:10] Kibwana: jumamosi sipo, jumapili naweza labda

[22:11] Salma: Labda si jibu

[22:30] Mwanaidi: nikipata usafiri nitaenda. na hiyo 200-4R yenyewe tunaipata wapi? au hii ya sasa mnaitupa na meno yake 30?

[22:33] Shemeji Hamza: Hapana isitupwe! Mpaka mpate 200-4R nzima, hii ndiyo mliyo nayo mkononi. Msiuze mwili

[22:34] Salma: Kwa hiyo kesho asubuhi fundi namjibu nini???

[22:35] Salma: Hamza?

[22:35] Salma: Jamani mmelala wote

[23:47] Rashidi: Breketi ya kebo ya hiyo kabureta ninayo. Nilinunua wiki ileile baada ya kwa Zuhura, bado iko kwenye boksi lake. Sikuwa najua niipeleke kwa nani

[23:48] Salma: Nitumie picha

[23:48] Salma: Na Jumamosi twende wote wawili, nitakupitia

[23:59] Salma: Rashidi?