Mlimani, Sokoine au Dodoma: wapi mtoto asiye na kitu ataishi bila kunyanyapaliwa?

Shangazi wa Makorora
Wana-Tanga wenzangu, wakubwa shikamooni. Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na amechaguliwa na vyuo vikuu vitatu vya umma kwa mpigo: uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, uchumi Dodoma, na uchumi kilimo Sokoine kule Morogoro. Sasa anatakiwa kuthibitisha kimoja tu. Mkopo tumeuomba Bodi ya Mikopo na tunatarajia ataupata, kwa hiyo ada siyo inayoninyima usingizi. Kinachonisumbua ni maneno ya mtaani. Naambiwa kwamba Mlimani ni pa watoto wa vigogo, Sokoine ni pa wakulima, na Dodoma ni pa waliokosa Mlimani. Mama yake anauza mbaazi na mahamri asubuhi. Naomba mnilinganishie vyuo hivi katika jambo hili moja: utajiri unaonekanaje pale, na asiye nao anaishije.

Mhitimu wa Mabibo
Shikamoo shangazi. Nimesoma Mlimani na nitakueleza nilichokiona. Darasani utajiri hauonekani sana, kwa sababu ukumbi ukijaa watu mia kadhaa kila mmoja anatafuta kiti tu, na mhadhiri hamjui mtoto wa waziri wala wa muuza mbaazi. Utajiri unaonekana jioni, pale watu wanapoachana kwenda kulala. Wapo wanaopata kitanda ndani ya chuo au kwenye hosteli ya Mabibo, wapo wanaopanga Sinza, Survey na Changanyikiwa, na wapo wanaorudi kwa wazazi wao kwa gari. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017, zenye nafasi 3,840, zilipunguza adha hiyo lakini hazikuimaliza, ndiyo maana kubebana, yaani wawili kulala kitanda cha mmoja, ni jambo ambalo kila aliyepita pale analijua.

La pili ni bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na kiwango ni hicho hicho uwe Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma. Fedha ile ile inatosha siku chache zaidi Dar. Nilikuwa na mwenzangu, binti wa huku kwetu, ambaye kundi letu la kazi za darasani lilipozoea kukutana kwenye mgahawa wa Mlimani City, yeye kila mara alisema amefunga. Jumatatu na Alhamisi tulimwamini, kwa kuwa ni siku za sunna. Alipofunga Jumatano na Ijumaa ndipo tulipoelewa, tukahamishia vikao kwenye vimbweta, zile meza na viti vya nje vya chuoni, bila mtu kusema neno. Hakuna aliyemdharau, ila alikuwa ametumia karibu muhula mzima akijificha.

Mzee wa Raskazone
Mwanangu, hofu hii si ya leo. Chuo cha Mlimani kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, kwa hiyo kila aliyeingia alihesabiwa kuwa mteule. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliona kwamba watu waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wanadai upendeleo, akawarudisha makwao zaidi ya 300 na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Nayasema haya kwa sababu jina la Mlimani kama chuo cha wakubwa limetokana na uchache wa nafasi zamani na vyeo walivyopata waliopita pale, akina Museveni, Kikwete na Magufuli. Halikutokana na mali za wazazi wao. Kikwete mwenyewe ni wa kijiji cha Msoga, karibu na Chalinze.

Mdadisi wa Duga
Mzee, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu zamani, lakini kwa sasa mali imeingia kwa mlango mwingine. Marekani kuna vyuo vikuu vya umma vyenye jina, na utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipato cha kati cha familia za wanafunzi wa Michigan kilikuwa karibu dola 154,000 kwa mwaka, na Virginia vivyo hivyo, wakati Berkeley, nacho cha umma, kilikuwa karibu dola 120,000. Chuo kuwa cha serikali hakumaanishi kwamba kina watoto wa watu wa kawaida. Kinachochagua ni alama, na alama hufuata shule aliyosoma mtoto. Hapa kwetu pia, anayetoka shule ya kulipia yenye maabara kamili na walimu wa kutosha anaingia kwenye kozi zinazogombewa kirahisi kuliko aliyetoka shule ya kata. Kwa hiyo angalieni kozi kabla ya chuo: sheria au udaktari watakuwa na mchanganyiko tofauti na ualimu ndani ya chuo kile kile.

Bibi Shamba
Nimesoma Sokoine, na neno "chuo cha wakulima" halijawahi kuniudhi. Kilikuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kusimama chenyewe mwaka 1984, kwa hiyo anayekidharau akisifu Mlimani anadharau tawi la mti ule ule. Ukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, umevaa buti na ovaroli na tope limefika magotini, simu ya bei mbaya inabaki begini. Vyumba Morogoro ni nafuu kuliko Dar, na soko la chakula liko karibu. Nisimdanganye shangazi, hata hivyo: anayesoma uchumi kilimo hakai shambani kila siku, na wapo wenye magari pia. Tofauti ni kwamba mji wenyewe haukulazimishi kuonyesha.

Mkazi wa Chimwaga
Dodoma nitaisema kwa ufupi. Chuo kilianzishwa mwaka 2007 na kilipangwa tangu mwanzo kuchukua wanafunzi 40,000, kwa hiyo mabweni yalijengwa mengi na wengi wanalala chuoni. Mnapolala jengo moja na kula sehemu moja, ukubwa wa baba unapungua. Tatizo ni upepo, vumbi na umbali wa kwenda mjini.

Shangazi wa Makorora
Nawashukuru nyote. Binti mwenyewe anaitaka Mlimani kwa sababu ya jina, anasema waajiri wanalijua. Mimi moyo unaniambia Sokoine. Je, jina lina uzito huo kweli?

Mdadisi wa Duga
Lina uzito kwenye usaili wa kwanza, na marafiki atakaowapata ni mtaji. Lakini Rais Samia alisomea utawala Mzumbe ilipokuwa bado Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na waliofika mbali bila Mlimani ni wengi. Kumbuka pia kwamba mkopo utakatwa asilimia 15 ya mshahara wake popote atakaposoma.

Mhitimu wa Mabibo
Shangazi, mimi nisingemzuia. Jambo moja tu liamue: kitanda. Akithibitisha Mlimani, aombe bweni siku ile ile maombi yatakapofunguliwa. Akikosa, piga hesabu ya chumba cha kupanga kabla hajasafiri, maana wenye nyumba wengi wa Dar wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo ilhali bumu linakuja kwa awamu, na atafute wenzake wawili wa kozi moja wachangie. Dalali asilipwe chochote kabla mtu wenu hajaingia chumbani na kufungua bomba kuona kama maji yanatoka.