Mjadala: Nani azuie maji ya Ewaso Ng'iro?

Mleta mada, South B: Jamaa zetu wa Isiolo wakija Nairobi wakati wa ukame, lawama ni ile ile: ranchi na mashamba ya Laikipia yamemaliza mto. Nakubali nusu tu. Laikipia iko kwenye kivuli cha mvua cha Mlima Kenya, yaani mlima huizuilia mvua. Maji ya Ewaso Ng'iro hutoka mlimani na Nyandarua, hukatiza uwanda huo, hupita Archer's Post na kuishia kinamasi cha Lorian. Huko chini jua hufyonza kina cha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwenye maji yaliyo wazi. Sasa mwenye ranchi akichimba silanga (bwawa dogo la kukinga maji ya mvua) kwenye korongo akanasa mafuriko ya Aprili, wizi uko wapi? Mwizi ni mwenye pampu mtoni Februari, maana mfugaji wa Samburu hana mengine. Anayenyweshea shamba ahifadhi mafuriko, na pampu zizimwe kiangazi, awe na kibali asiwe nacho.

Mfugaji wa Isiolo, kwa sasa Eastleigh: Ndugu, hayo mafuriko unayoyagawa ndiyo yanayojaza Lorian na kutuoteshea nyasi. Na silanga ya kina cha mita tatu, kwa jua hilo ulilolitaja mwenyewe, itabaki matope. Mnatunyima maji ili yapae angani?

Mama wa Kayole: Sisi wa Nairobi tunamhukumu nani? Bwawa la Ndakaini tunalonywa sisi, mita za ujazo milioni 70, liko Murang'a. Na mnaopenda mabwawa ya watu binafsi mkumbuke Solai kule Nakuru, Mei 2018: ukuta wa bwawa la shamba ulipasuka, watu zaidi ya 40 wakafa. Nani hukagua?

Mleta mada: Mzee wa Isiolo, sikusema mafuriko yote. Kuhusu jua, tazama Machakos na Kitui: hujenga ukuta kukatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanajificha humo. Ila yataka mchanga wa chembe kubwa na mwamba karibu. Kwenye udongo mweusi wa Laikipia msijisumbue (nimeona watu wakiuziwa ndoto hiyo).

Mama, vibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mimi ningetaka wa Isiolo waulizwe kabla ranchi ya juu haijapewa chochote, na ukaguzi wa kuta ulipiwe na mwenye bwawa. Nani anapinga, na kwa sababu gani?