Maombi yameorodheshwa kama rufaa: nifuate kipi?

Swali: Wakuu, hifadhidata ya hukumu mtandaoni imeliweka shauri kwenye "Rufaa za Madai", ila ndani ya PDF ni maombi ya kuongezewa muda. Orodha inasema 2021, shauri ni la 2018. Kwenye hoja za maandishi naandikaje?

Jibu 1: Fuata PDF. Ukurasa wa kwanza una mahakama, namba na majaji. Wa mwisho una tarehe ya kusomwa. Mwaka usikutishe: 2018 ni wa kufunguliwa, 2021 wa uamuzi. Namba iliyo baada ya [2021] TZCA (rejea ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania) nayo haina undugu na namba ya shauri.

Kubwa zaidi, usiutumie uamuzi huo kama msimamo juu ya kiini cha mgogoro. Maombi ya muda hayakufika huko, na wakili wa upande wa pili atakuumbua.

Jibu 2: Naongezea kwa mkuu. Mahakama Kuu, kwa mashauri ya miaka hiyo, kila masjala (ofisi ya kanda inayosajili mashauri) ilikuwa na mfululizo wake wa namba: Na. 12 ya Mwanza haikuwa Na. 12 ya Dar. Ndiyo maana faili hubandikwa majina yasiyo yake. Tafuta kwa majina ya wahusika wa shauri, kisha yageuze, maana aliyekuwa mdaiwa akikata rufaa jina lake hutangulia.

Jibu 3: Waandikie wahariri wa hifadhidata: kiungo, kosa, ukurasa. Nakala ya uamuzi ambatisha kwenye hoja zako hata hivyo.