Ala ya bastola: ngozi au plastiki ngumu? Naombeni ushauri

Msafiri_Usiku
Wakuu, habari za muda huu. Nina leseni na bastola ya 9 mm, zile zisizo na nyundo ya nje (kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi ilipuke) wala kitufe cha usalama ubavuni. Naivaa ndani ya suruali, nyonga ya kulia, shati juu. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye gari saa nyingi na jasho halikauki. Ala yangu ni ya ngozi, alinipa kaka baada ya kuitumia miaka mingi. Imezoea mwili hadi nasahau kama nimeivaa. Sasa wiki iliyopita nikiisafisha bastola nimekuta madoa ya kutu, madogo kama punje za mtama, upande ule unaolalia mwili. Mwenzangu kazini anasema niachane na ngozi, nichukue ya Kydex, ile plastiki ngumu. Nimejaribu ya kwake: bastola ikiingia inalia "ta!" na haichezi, ila nikikaa inanichoma mfupa wa nyonga. Nishike lipi?

FundiNgozi
Pole mkuu. Mimi nashona ala za ngozi, na sitakuficha kitu. Ngozi inakunywa jasho na kulishikilia juu ya chuma. Kama ililainishwa kwa chumvi za kromu, kutu inakuja haraka zaidi. Ala nzuri hutengenezwa kwa ngozi iliyotiwa dawa ya magome ya miti. Ukirudi nyumbani toa bastola, ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uifungie salama bila ala. Ala iache ikauke kivulini. Ukiianika juani au karibu na moto itakakamaa na kupasuka. Na usiipake mafuta ya kulainisha eti ipendeze, ala inatakiwa iwe ngumu.

Swali langu kwako: bastola ikiwa nje, bonyeza mdomo wa ala kwa vidole viwili. Unabaki wazi au unajifunga?

Zamu_ya_Pili
Hilo swali la Fundi lishike kuliko habari ya kutu, mkuu. Kutu utaisugua.

Nafundisha watu shabaha. Kuna mwanafunzi alikuja na ala ya ngozi iliyochoka, mdomo umekunjika kwa ndani kama ulimi. Alikuwa anarudisha bastola huku anatazama mbele, nikamdaka mkono. Ile mkunjo ilikuwa tayari imeingia kwenye duara la kifyatulio. Angesukuma kidogo tu, ngozi ingebonyeza kifyatulio badala ya kidole, na mtutu ulikuwa unatazama paja lake. Mwenye bastola ya nyundo anaweza kuweka dole gumba juu ya nyundo wakati anairudisha, ikianza kuinuka anaisikia na kusimama. Ya kwako haikupi onyo hilo. Ndiyo maana ala yako lazima ifunike kifyatulio chote, mdomo ubaki wazi wenyewe, na ukuta usibonyee hata ukiufinya.

Kydex inatimiza hayo bila taabu, kwa kuwa hufinyangwa kwa joto kufuata umbo la bastola ya aina moja. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya kufunika ndani ya ndege, haijali jasho wala mvua.

Mama_Wawili
Naivaa Kydex kila siku, niongeze upande wa pili. Usiiache kwenye dashibodi gari likiwa juani. Ikipata joto kali inapinda na bastola haishikwi tena. Vumbi likiingia ndani linakwaruza rangi ya bastola, kwa hiyo isuuze na uikaushe. Skrubu zinalegea, nilipoteza moja ndipo nikaanza kutia gundi ya skrubu. Kuhusu nyonga, isogeze nyuma ya mfupa kidogo, na ununue mkanda mgumu. Watu wengi wanalaumu ala kumbe mkanda ndio umelegea. Zipo pia za mchanganyiko, mgongo wa ngozi na ganda la plastiki, kwa mtu wa kukaa sana zinafaa. Ila huo mgongo nao unakunywa jasho, na ukichakaa huanza kulegea na kujikunja pale juu.

Chipukizi09
Wakubwa, na zile za nailoni zinazoingia bastola yoyote?

Zamu_ya_Pili
Hapana kijana. Haina umbo, kifyatulio kinabonyezeka kupitia kitambaa, na ukitoa bastola mdomo unajifunga hadi utumie mkono wa pili kuufungua. Huo mkono utapita mbele ya mtutu.

Msafiri_Usiku
Nimerudi wakuu. Nimebonyeza mdomo wa ala, umejifunga kabisa, na kwa ndani kuna alama ya mkunjo iliyokwisha kukaa. Nimeishiwa nguvu, maana nimeivaa hivi kila siku. Nimeiweka pembeni leo leo. Naagiza Kydex ya bastola yangu hasa, na mkanda mgumu. Ikifika nianzie wapi?

Zamu_ya_Pili
Toa magazini, fungua chemba, itazame na uiguse kwa kidole, risasi ziwe chumba kingine. Iingize, kisha igeuze ala juu chini juu ya godoro na uitikise. Ikidondoka kaza skrubu robo mzunguko, ujaribu tena. Halafu ivae: inama, kaa, ingia na kutoka kwenye gari. Kutoa na kurudisha fanya mara nyingi, kidole kikiwa kimenyooka nje ya kifyatulio. Na ukirudisha, vuta shati kando, tazama mdomo wa ala kwa macho yako, nenda taratibu. Ukigusa kizuizi chochote, simama na uitoe tena.

FundiNgozi
Ile ya kaka usimpe mtu mwingine, mkuu. Ikate.