Mbuzi wadogo wa maziwa katika robo ekari: je, inafaa?

Mfugaji Mgeni, Vihiga

Hamjambo wafugaji wenzangu. Nina robo ekari karibu na Mbale, yenye nyumba, migomba na mahindi kidogo, na ng'ombe hawezi kutosha hapo. Nimesoma habari za mbuzi kibete wa Nigeria, anayefugwa sana Marekani, ambaye jike wake hazidi kimo cha sentimita 57 hivi begani, ilhali maziwa yake yana mafuta mengi kuliko ya mbuzi wakubwa wa Ulaya. Sisi ni watu watano, na tunataka maziwa ya chai na ya uji wa watoto, si ya kuuza. Je, nimtafute mbuzi huyo? Na ni kweli kwamba maziwa ya mbuzi hunuka?

Mama Chotara, Njoro

Ndugu yangu, mimi nisingemtafuta. Asili yake ni Afrika Magharibi, lakini ukoo unaosifiwa kwa maziwa uliendelezwa Marekani, na kumwingiza mnyama nchini kunahitaji kibali cha idara ya mifugo ya serikali pamoja na gharama ambazo lita moja ya maziwa kwa siku haiwezi kurudisha. Hata ukimpata, beberu wa ukoo huo utamtoa wapi kila mwaka?

Mbuzi mdogo tunaye tayari, yaani yule wa kienyeji, mwenye maziwa machache lakini mgumu wa magonjwa. Jike wa kienyeji aliyekwisha kuzaa akipandishwa na beberu wa Toggenburg au wa Alpine ya Kijerumani, aina kubwa za mbuzi wa maziwa kutoka Ulaya, atazaa chotara wa mwili wa wastani. Wangu hunipa lita moja na nusu kwa siku, asubuhi na jioni zikijumlishwa. Usimpandishe jike mchanga wa kienyeji kwa beberu mkubwa katika mimba yake ya kwanza, kwa sababu kitoto kinaweza kukwama wakati wa kuzaliwa.

Kuhusu harufu, mwenye kosa kwa kawaida ni beberu. Mwaka wa kwanza nilimfunga karibu na wakamuliwa, na watoto wangu wakaisusa chai wiki nzima. Mtenge, osha kiwele, chuja maziwa na kuyapoza mara moja.

Mkulima wa Nyando

Nakubaliana na Mama Chotara, ila naona swali la kwanza si aina ya mbuzi bali majani. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji takribani kilo tano za majani mabichi kila siku, kwa hiyo majike wawili pamoja na vitoto vyao watamaliza nyasi za nepia za kando ya shamba lako upesi kuliko unavyodhani. Panda kaliandra, kichaka cha malisho, kwenye mpaka, na desmodi, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, kwa maana desmodi hulisha mbuzi na papo hapo hulidhoofisha gugu la kayongo (striga), linalonyonya mizizi ya mahindi na ambalo huku kwetu limewatia wengi hasara. Ning'iniza majani juu, kwani mbuzi hali kilichokanyagwa.

Banda liinuliwe, na nafasi kati ya mbao za sakafu iwe ya upana wa kidole, ili kinyesi kipite na mguu usipite. Baada ya mvua, funua kope la chini la jicho: likiwa jeupe badala ya jekundu, minyoo inayonyonya damu imezidi, na hapo umwone daktari wa mifugo badala ya kuwanywesha wote dawa kwa mazoea, jambo linaloifanya minyoo kuizoea.

Mfugaji Mgeni, Vihiga

Nimeelewa, na asanteni. Je, nianze na jike mmoja, na beberu niwe naye mwenyewe?

Mama Chotara, Njoro

Anza na wawili, maana mbuzi wa peke yake hulia mchana kutwa na majirani watakuchoka. Beberu usimnunue, mwazime au lipia kupandisha. Mimba huchukua siku 150 hivi, kwa hiyo ukiwapandisha kwa kupishana miezi minne au mitano, chai haitakauka. Vitoto vya kiume vitenge vikifika miezi mitatu, kwa kuwa huanza mapema kuwapanda mama na dada zao.