Atenza wagon ya dizeli kwa familia ya watu watano: niichukue au niiache?

BabaWawili

Wakuu habari za Jumapili. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Tuko watano nyumbani: mimi, mke, watoto wawili na bibi yao tunayeishi naye. Gari ni IST. Siku za kawaida inatutosha, ila Desemba tukipanda Rombo ni vita. Bibi hasafiri bila ndoo zake, na kurudi lazima turudi na mikungu ya ndizi, hilo halijadiliwi.

Nimeona Mazda Atenza wagon ya 2015, XD, dizeli ya 2.2, otomatiki. Jamaa yangu anayo kama hiyo, akaniachia niiendeshe kidogo pale Tegeta. Aisee, ukikanyaga mgongo unaganda kwenye kiti. Shida ni kwamba kila fundi ninayemuuliza ananiambia "dizeli za siku hizi achana nazo", ukimuuliza kwa nini anaanza kuzungumzia mpira.

Naishi Mbezi Beach, kazi iko Mikocheni, shule ya watoto iko katikati. Mtaani kwangu ni vumbi na makorongo kidogo. Mwenye kuimiliki anipe ukweli.

Kipara wa Gerezani

Noah. Inabeba wanane, spea zipo kila kona. Uzi ufungwe.

Himo_Juu

Noah tuwaachie wanaopenda kuendesha sebule. Ngoja nijibu mimi ninayelala na kuamka nayo.

Yangu ni XD ya 2014, inasukumwa na tairi za mbele tu. Nauza pembejeo, wateja wangu wako Korogwe, Lushoto na Same, kwa hiyo gari inaishi barabara kuu. Hilo liweke kichwani, nitalirudia huko chini.

Tuanze na nguvu. Injini ni cc 2188, turbo mbili, ndogo na kubwa, farasi 175. Farasi waache, hao ni wa kutambia kijiweni. Cha kutazama ni nguvu ya kuvuta, ile inayopimwa kwa Nm. Hii ina 420, na unazipata zote injini ikiwa kwenye mizunguko 2000 tu. Atenza ya petroli ya cc 2000 ina 196, tena mpaka uizungushe hadi 4000. Tofauti utaiona ukitoka Mombo kupanda Lushoto na buti limejaa mifuko. Ya petroli inashusha gia, inalia, inashusha tena. Hii inapanda huku mnaongea kwa sauti ya kawaida. Na semi likikubania njia kati ya Msata na Mkata, ukipata upenyo wa kweli unalipita mara moja, huhitaji kukimbia nalo sambamba huku abiria wote wamekunja vidole vya miguu.

Ubaya wake ni kwamba imetulia mno. Unadhani uko 60 kumbe 95, na trafiki mwenye tochi pale penye kibao cha 50 hana habari na utulivu wa gari yako.

Mafuta: safari ndefu, 80 hadi 100, kiyoyozi kimewashwa, inanipa kilomita 17 kwa lita, siku nyingine 18. Foleni ya Kimara inashuka hadi 10 au 11. Ile 20 iliyoandikwa kwenye karatasi za Japani imepimwa kwenye mashine, isikupe matumaini.

Nafasi ndiyo iliyonifanya niipende. Buti ni lita 500 na ushee viti vikiwa vimesimama. Ukutani mwa buti kuna vishikio viwili, ukivuta kimoja kiti cha nyuma kinalala chenyewe, huhitaji kuzunguka mlangoni. Ukifungua mlango wa nyuma, lile pazia la kufunika mizigo linapanda nao. Mkungu wa ndizi unaingia mzima bila kukatwa. Ila jambo moja wauzaji hawakwambii: wagon ni fupi kuliko saluni kati ya tairi la mbele na la nyuma, sentimita 8 hivi, kwa hiyo miguu ya abiria wa nyuma ina nafasi kidogo kuliko kwenye saluni. Na katikati ya sakafu kuna tuta. Mtoto mdogo akae hapo, bibi mpe dirisha.

Makorongo ya mtaani: iko juu sentimita 16 hivi. Inapita, ukipita kwa adabu. Epuka ile yenye rimu za 19. Inapendeza pichani, lakini tairi lake ni jembamba ubavuni, shimo moja tu na rimu imepinda. Tafuta ya 17, yenye tairi 225/55. Halafu chungulia chini ya sakafu ya buti, maana gari nyingi za Japani huja na kopo la gundi na pampu badala ya tairi la spea. Tairi likipasuka ubavu usiku kule Hedaru, hilo kopo utalitumia kunywea maji.

Sasa kile ambacho mafundi wako hawakukieleza.

Dizeli hii ina DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi. Masizi yanajikusanya humo, yakifika kiasi fulani gari inajisafisha: inamwaga dizeli ya ziada ili ekzosi ipate moto wa nyuzi mia sita hivi, masizi yachomeke. Hakuna taa inayowaka kukuambia. Utaona tu injini haijizimi kwenye taa nyekundu kama kawaida yake, na sauti ya sailensi imepanda kidogo. Kazi hiyo inataka dakika kumi na tano hivi za mwendo usiokatika. Mimi sihangaiki, inajisafisha nikiwa njiani kuelekea Segera.

Wewe Mbezi Beach hadi Mikocheni, ukisimama shuleni? Inaanza kujisafisha, unazima. Kesho inaanza tena, unazima. Na ile dizeli ya ziada isiyoungua inashuka kwenye oili. Kijiti cha oili cha injini hii kina alama ya X juu ya alama ya kujaa, kwa sababu wenyewe Mazda wanajua oili inaweza kuongezeka. Ikifika hapo unamwaga oili na kuweka mpya.

Unanunua gari ya Desemba wakati mwaka wote unaendesha ya Jumanne. Hilo ndilo pingamizi langu pekee, gari yenyewe sina ugomvi nayo.

BabaWawili

Mkuu umenichoma. Nimepiga hesabu, siku za kazi sifiki kilomita kumi bila kuzima. Je, nikiipeleka Bagamoyo na kurudi kila Jumamosi? Na kuna fundi ameniambia hilo chujio linang'olewa tu, maisha yanaendelea.

Fundi Mwananyamala

Naomba niingie hapo kwenye kung'oa.

Watu wanachanganya masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na DPF. Masega ya petroli ukiyatoa gari itatembea, itanuka tu na kuwasha taa. DPF ina vipimo vya presha na joto vinavyoongea na kompyuta. Ukikata bomba bila kubadilisha programu, gari inajibana, haipandi kasi. Ukibadilisha programu, umemkabidhi ubongo wa gari kijana mwenye laptop ambaye mwezi ujao amehamia Dodoma. Nimepokea gari za namna hiyo. Zingine moshi mweusi, zingine turbo imechoka, na aliyeifanya simu haipokelewi.

La pili ni njia ya hewa. Dizeli hizi zinarudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza sumu. Masizi yakikutana na mvuke wa oili yanaganda kwenye manifoldi kama lami. Tunaifungua, tunakwangua kwa mkono, ni kazi ya siku nzima. Gari ya safari ndefu inachelewa kufika huko, ya foleni inawahi.

Mafuta yetu siyo tatizo kubwa kama zamani. Tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki imeshushwa hadi salfa 50 kwa kila sehemu milioni, na chujio linaishi nayo, ingawa kule Japani wako 10. Ule mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa nao ulipungua serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Ila filta ya dizeli badilisha mapema, na maji kwenye filta usiyapuuze. Nozeli za presha kubwa hazisamehe.

Oili iwe ile ya dizeli zenye DPF, majivu kidogo, C3 imeandikwa kwenye galoni. Ya bei rahisi inaziba chujio kwa majivu, na majivu hayachomeki hata uende Tunduma.

Himo_Juu

Bagamoyo kila Jumamosi itasaidia, sikatai. Lakini jiulize hiyo Jumamosi ni ya harusi ngapi, misiba mingapi na vikao vingapi vya shule. Na mafuta ya kwenda kuchoma masizi unayanunua wewe.

BabaWawili

Nimeelewa. Nimerudi kuangalia, yadi ileile ina wagon nyingine ya 2015, 20S, petroli cc 2000. Mke anaipenda zaidi kwa sababu ya rangi. Hiyo mnaionaje?

Kipara wa Gerezani

Rangi ikishachaguliwa na mke hakuna uzi tena hapa.

Himo_Juu

Buti ni lilelile, vishikio ni vilevile, pazia ni lilelile. Na ukiamua kuagiza mwenyewe badala ya kuchukua ya yadi, petroli ni cc 1997, kwa hiyo ushuru wa bidhaa unaohesabiwa kwa cc ni asilimia 5, wakati ile ya dizeli imevuka 2000 na inaingia kwenye 10. Kutoka Himo kupanda Marangu itakulilia na mzigo, uizoee. Mafuta itakula kidogo zaidi barabara kuu, lakini wewe barabara kuu unaiona mara ngapi?

Kamwambie wa yadi akufungulie sakafu ya buti uone kama kuna tairi la spea. Na rimu hazijakaa 19?

BabaWawili

Ni 17. Kesho naenda na fundi.